Begi la magurudumu la projekta na kompyuta mpakato: jibu kwa mwalimu anayesafiri kwa basi na bodaboda

Mwalimu, umeuliza ununue begi gani la magurudumu la kubebea projekta na kompyuta mpakato, ukaeleza kwamba una shilingi 120,000 na kwamba safari zako ni za basi na bodaboda, na ndege mara mojamoja. Waliotangulia kukujibu wamekushauri uchukue begi gumu la plastiki lenye magurudumu manne kwa kuwa halichoshi kulisukuma. Mimi nimeendesha semina za wakulima kwa miaka tisa, nikitokea Morogoro kwenda Kilosa, Ifakara hadi Mahenge, na begi la namna hiyo ndilo lililonitia hasara ya kwanza, hivyo naomba kutofautiana nao.

Magurudumu madogo yanayogeuka kila upande hufaa kwenye sakafu ya vigae. Ukiyapeleka kwenye changarawe ya stendi hukwama, nawe ukivuta kwa nguvu unalielekeza pigo lote kwenye kishikizo chake chembamba. Langu lilikatika gurudumu baina ya stendi na nyumba ya wageni, mwendo usiofika mita 200, na tangu hapo nikawa nimelikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtungi. Tafuta begi la magurudumu mawili makubwa, yenye kipenyo cha sentimita 8 hivi au zaidi, yaliyovikwa mpira na kuzama kidogo ndani ya kona za begi. Lipindue uone yamefungwa kwa nini: yakiwa ya skrubu, fundi viatu yeyote atakubadilishia, yakiwa ya ribiti, itabidi aanze kutoboa.

Jambo ambalo sikuliona likitajwa hapa ni mtikisiko. Wengi tunaogopa begi kuanguka, ilhali projekta inaumizwa pia na kule kutetemeka kidogo kidogo kila unapoburuta begi juu ya kokoto, kwa sababu ndani yake mna lenzi, vioo na, katika zile za kawaida, taa ya kioo. Projekta kwa kuwa ni nzito inapasa kukaa chini, karibu na magurudumu, begi lisije likapinduka. Lakini hapo chini ndipo mtetemo ulipo mkali zaidi. Kwa hiyo weka sponji ngumu ya sentimita 4 au 5 chini yake. Usidanganywe na ile sponji laini inayokuja na begi, maana ukiibonyeza kwa kidole unaigusa plastiki ya upande wa pili. Mafundi wa makochi huwa na vipande vya sponji nzito vilivyobaki, nao watakukatia kwa kipimo cha projekta yako ukiipeleka. Lenzi ifunikwe kifuniko chake na isielekezwe kwenye magurudumu.

Hata begi zuri kupita yote halitakusaidia ukifunga projekta ingali moto. Siku moja tulimaliza semina tukiwa tumechelewa, basi likipiga honi nje, nikaichomoa kwenye umeme kabla feni haijasimama na kuitia begini. Kesho yake haikuwaka, na fundi alipoifungua alikuta taa imepasuka. Kama yako ni ya taa, isubiri feni inyamaze yenyewe, kisha uiache nje ya begi dakika kama 15 huku ukikunja nyaya. Zile za leza au LED hazina taa ya namna hiyo, ingawa nazo hazipendi kufungiwa joto.

Kompyuta ipate chumba chake, kilichotenganishwa na projekta kwa ukuta wa sponji na siyo kitambaa kitupu. Adapta ya chaja usiiweke kamwe mahali inapoweza kubonyeza mfuniko wa kompyuta. Kioo changu cha kwanza kilipasuka hivyo, ndani ya begi ambalo halikuanguka wala kugongwa. Lilikuwa limejazwa mno tu, na mimi nikalikalia ili zipu ifunge. Pitisha pia mkono wako ndani, upande wa mgongo wa begi, kwa sababu mirija ya mpini wa kuburutia hupita hapo na kuacha matuta mawili. Kompyuta ikilazwa juu ya matuta hayo bila sponji, hupata msukumo usio sawa safari nzima.

Kuhusu bodaboda, gurudumu halina kazi yoyote pale, na kwa kweli sehemu kubwa ya safari zako hutaliburuta begi, utalibeba. Hii ndiyo sababu ningechagua begi la kitambaa kizito lenye mikanda ya mgongoni inayofichwa, badala ya sanduku gumu. Magurudumu yenye matope yatachafua shati lako, basi uwe na kipande cha turubai cha kuyafunikia, ambacho siku ya vumbi au mvua kinafunika begi zima. Ndani ya basi usikubali liingie kwenye buti; liweke miguuni hata konda akinung'unika.

Kwa upande wa ndege, mashirika mengi hukuruhusu kuingia na begi la kilo 7 tu, na vipimo vinatofautiana, kwa hiyo soma tiketi yako. Projekta ya ofisini ina kilo 3 hivi, kompyuta 2, nyaya na chaja karibu 1. Begi tupu la kilo 3 limekwisha kukuzidishia. Vikizidi, kompyuta na betri ya akiba ya kuchajia simu vibaki mkononi, kwani betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mizigo inayopakiwa chini ya ndege.

Ningetumia kama shilingi 95,000 kwa begi, nyingine zibaki kwa sponji na fundi. Rangi iwe ya kawaida, nyeusi au ya kijivu. Yale masanduku ya kung'aa ya aluminiamu yanamtangazia kila mpita njia kilichomo. Ukienda dukani nenda na vifaa vyenyewe, pamoja na nyaya zote, uvipakie, ufunge zipu mara kadhaa, kisha umwombe muuzaji akuruhusu kuliburuta hadi nje kwenye changarawe na kurudi. Kwangu wawili walikataa, wa tatu akanisindikiza mwenyewe, na begi lake ndilo ninalotumia mpaka leo.