Mteja Wako Hakomenti, Anasoma Tu

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja aliniandikia inboksi. Baada ya shikamoo akauliza swali ambalo nimeulizwa na wengi tangu niposti zile sare za kwaya nilizopewa kushona: "Dada, mimi naposti kuliko wewe. Asubuhi, mchana, usiku. Wafuasi ninao. Mbona oda zinaenda kwako?" Nilianza kumrekodia sauti, nikaona maneno ni mengi na si yeye peke yake anayeyahitaji. Basi leo nayaandika hapa.

Oda yenyewe niieleze, maana naionea fahari. Ni kwaya nzima, kuanzia sauti ya kwanza hadi besi, sare za Pasaka, magauni ya kina mama na mashati ya kina baba kwa kitenge kimoja. Mwenyekiti wao, mzee wa hapahapa Morogoro, alikuja dukani na advansi mkononi kabla hata sijamtajia bei ya ushonaji. Nikamuuliza nani kakuelekeza kwangu, baba? Akasema hakuna. Nilimshonea mkewe gauni la sendofu ya binti yao, namba yangu ikabaki kwenye simu yake, na tangu hapo amekuwa akitazama stetasi zangu. Hajawahi kulaiki kitu. Hajawahi kuniandikia hata "hongera". Alikuwa anafuatilia tu: mteja aliyeahidiwa Ijumaa anavaa Ijumaa? Nguo inatoka kama ilivyochorwa? Fundi huyu akikwazwa na mtu anaongea vipi? "Mwanangu, wewe huna kelele," aliniambia, akaanza kuhesabu hela.

Sasa sikilizeni, ninyi wenzangu mnaouza mtandaoni. Watu tunaowahesabu sio wanaotulisha. Wale wa "umetisha dada" na mioto mitano mitano ni marafiki, ni mafundi wenzetu, ni tuliosoma nao. Wanatupenda, Mungu awabariki, lakini wengi wao hawana cha kushona mwaka huu. Anayekuja na hela amekaa kimya. Na hata ile orodha ya waliotazama stetasi isikudanganye. Mtu akizima tiki za bluu kwenye WhatsApp, anatazama na jina lake halitokei. Mzee wangu wa kwaya hakuwahi kuonekana kwenye orodha yangu hata siku moja, na mimi nilidhani hatazami.

Tangu 2021 Instagram inakuruhusu kuficha idadi ya laiki. Nimeficha. Nilipoacha kuziona nilipata nafasi ya kujiuliza kitu kingine kabla ya kuposti: yule mtu mzima asiyesema neno, akiona hii, atanikabidhi hela ya kwaya? Gauni limepigwa pasi vizuri, linapita. Kijembe kwa fundi wa mtaa wa pili, hakipiti.

Hapo kwenye vijembe nikae kidogo, kwa sababu ndipo tunapoharibikiwa. Stetasi zetu zimekuwa kama kanga za bibi zetu. Mtu amekasirika, anatafuta maneno ya kumchoma jirani, anayavaa. Lakini bibi alipita na kanga yake mbele ya mlengwa, waliokuwepo wakaelewa, ikaishia uani. Wewe unapoandika "wengine mjifunze kuridhika", mlengwa pengine hana hata namba yako. Anayesoma ni mkwe wako, ni mwalimu wa mwanao, ni mama aliyekuwa anafikiria akupe vitenge vya harusi ya kaka yake. Wote hao wanajiuliza kama wanasemwa wao. Mafundi wazuri kunizidi mimi nawafahamu, mikono yao ina dhahabu, wamekosa kazi kwa ajili ya maneno ya usiku.

Na mimi yamenipata, ingawa kwa njia nyingine. Mama yangu alipolazwa, niliandika stetasi moja ya kuomba maombi. Sikuiachia kila mtu. WhatsApp ina sehemu ya kuchagua watu wachache wa kuiona, nikawachagua jina kwa jina, watu niliokula nao. Mmoja wao akapiga skrinshoti. Kufika jioni maneno yangu yako kwenye grupu la kikoba ambacho mimi si mwanachama, yameongezewa chumvi: nimefunga duka, hela za wateja nimelipia hospitali. Walionipa advansi wakaanza kupiga simu. Mmoja alikuja mpaka wodini. Wodini, jamani. Mama ana dripu mkononi, mtu amesimama miguuni pa kitanda anadai kitambaa chake.

Nilikuwa natoka hospitali usiku, nawasha cherehani, nashona mpaka alfajiri. Kila mtu alipata nguo yake, hakuna aliyedhulumiwa hata kifungo. Lakini katika grupu lile hakuna aliyerudi kuandika kwamba habari ile ilikuwa ya uongo. Aliyepiga skrinshoti namjua. Tunasali kanisa moja, tunasalimiana, namuombea. Kusema yamekwisha moyoni, bado.

Kwa hiyo mtu akiniambia "dada, mimi nimeweka faragha", namwambia sawa, weka, lakini ujue faragha hiyo inazuia simu, haimzuii mtu. Stetasi hufutika baada ya saa 24; picha aliyoipiga mwenzako inakaa kwenye simu yake mpaka atakapoamua. Siku hizi jambo la nyumbani kwangu linaenda kwa mdomo. Nampigia dada, nampigia mchungaji, basi. Mama alipotoka hospitali sikuposti, na wote waliostahili kujua walikuja na matunda yao.

Mnataka na mbinu, najua. Kubwa ni kutenganisha laini. Namba ya duka ni ya duka. Ipo kwenye WhatsApp Business, programu iliyotoka 2018, na ina katalogi ambayo naweka mishono na bei ya kuanzia ili mtu asinione mgumu wa kutaja bei. Namba yangu ya nyumbani haina stetasi kabisa. Halafu kumbukeni kitu ambacho wengi hawakijui: stetasi inafika tu pale mlipohifadhiana namba, wewe yake na yeye yako. Unaweza kuwa na wateja wengi na stetasi zako haziwafikii hata nusu yao. Mimi mteja akija kuchukua nguo namwambia pale pale, "hifadhi namba yangu nikiona," na ya kwake naiandika kwa jina na kazi niliyomshonea.

Pia rudini nyuma mkasafishe. Nilikaa Jumapili moja mchana nikapitia ukurasa wangu wa Instagram tangu picha ya kwanza. Kuna ya ugomvi wa siasa ambao hata sikumbuki nani alianza, kuna za mapenzi ambazo mwenyewe ameshaoa. Si lazima ufute. Unaweza kuzihifadhi kwenye kumbukumbu (archive) ya Instagram, zinatoka machoni pa watu, laiki na komenti zake zinabaki, na ukizitaka unazirudisha. Fanyeni hivyo leo, msingoje mtu azichimbue siku umepata tenda.

Na daftari. Ndiyo, daftari la karatasi. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kuanzia jioni hadi usiku sana. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zikakatika, intaneti ikasuasua nchi nzima. Mafundi waliokuwa na vipimo vya wateja kwenye meseji tu walikaa wanaangalia vitambaa. Vipimo vyangu, namba za wateja na tarehe za kuchukua vimo daftarini, chini ya ovaloki, mashine yangu ya kumalizia pindo. Ukurasa si mali yako, ndugu zangu. Umekopeshwa, na mwenyewe hata jina lako halijui.

Usiku nazima data saa tatu. Mwanzoni niliona kama napoteza wateja. Sikupoteza hata mmoja, maana mwenye harusi ya kweli anapiga simu. Kina dada mnaolala na simu kifuani mkitazama mishono ya wengine mpaka saa nane, kisha asubuhi mnasema mteja kachelewa, hapana. Umechelewa wewe. Macho yaliyochoka hayakati kola ikakaa.

La mwisho ni picha za wateja, na hapa nasema kama mtu mwenye uchungu, kwa sababu najua kubebewa habari yako bila ruhusa kukoje. Usiposti mteja akiwa anajaribu nguo bila kumuuliza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na tume yake ilizinduliwa Aprili mwaka uliofuata. Picha ya mtu ni taarifa yake. Lakini hata sheria isingekuwepo: kuna mke ambaye mumewe hajui kashona, kuna binti aliyeambiwa kwao asionekane mtandaoni, kuna mjane anayevaa rangi kwa mara ya kwanza. Mimi nauliza mara mbili, siku ya vipimo na siku ya kuchukua, kwa kuwa watu hubadili mawazo wakishajiona kwenye kioo. Akikubali, namtumia picha kwanza aichague mwenyewe. Akikataa, navalisha nguo ile mdoli wa dukani kabla hajaja kuichukua, nampiga picha mdoli, na jina la mteja silitaji popote.