Kwa Nini Sijaliacha Gazeti Letu: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Swali lako nimelisoma mara mbili. Umeuliza: "Mama, gazeti linakufikia asubuhi wakati matokeo yote umeshayaona kwenye simu tangu usiku, na utabiri wake wa mechi unakosea kuliko unavyopatia. Kwa nini bado unalinunua kila siku? Ni kwa sababu ya baba?" Nimeona lile la baba ulivyoliweka mwishoni, taratibu, usije ukanitonesha.

Nianze na hilo basi. Hapana, si kwa sababu ya baba yako. Kama ningekuwa nalinunua ili kumkumbuka, ningeliweka mezani bila kulifungua. Mimi nalisoma, tena naanzia nyuma kama alivyokuwa akianzia yeye, penseli mkononi.

Unakikumbuka kile kisanduku cha Jumamosi kwenye ukurasa wa mwisho? Mechi kumi, kila moja na matokeo yake yaliyotabiriwa, na juu yake jina la mchambuzi na picha yake, ile picha ambayo haikubadilika miaka nenda rudi huku mwenyewe akizeeka. Na daftari bila shaka unalikumbuka. Safu zilikuwa tatu: Baba, Mama, Gazeti. Mlipojua kuandika wewe na dada yako zikawa tano. Ukipatia mshindi au sare, pointi moja. Ukipatia na magoli yenyewe, tatu. Sheria ilikuwa kuandika kabla ya kipenga cha kwanza, na ukishaandika hufuti. Wewe ulikuwa unalia timu yako ikifungwa, halafu unalia upya kwa sababu hukutabiri kwamba itafungwa.

Sasa kwa kuwa umekuwa mtu mzima nikupe siri ambayo marehemu hakuijua. Wachezaji wenyewe nilikuwa siwajui hata nusu. Nilichofanya ni kuwapa wenyeji ushindi wa 1-0, mechi baada ya mechi, msimu mzima, isipokuwa pale kinara anapomtembelea anayeburuta mkia. Baba yako alikuwa anapekua majeruhi, kadi, nani kagombana na kocha, nani kasafiri umbali gani katikati ya wiki. Misimu mingi nilimpita. Alikuwa ananitazama kama mganga.

Hapakuwa na uganga wowote. Katika ligi nyingi wenyeji hushinda zaidi kidogo ya mechi nne kati ya kumi, wageni kama tatu, zinazobaki ni sare. Matokeo ya 1-0 na 1-1 ndiyo yanayojirudia kuliko mengine, kila moja kama mara moja katika mechi tisa au kumi. Kwa hiyo anayeandika 1-0 kila mahali bila kufikiri ataokota pointi tatu zake mara kwa mara, huku mjuzi akihangaika na 3-2. Na mjuzi hana la kufanya, maana soka ni mchezo wa magoli machache. Mechi ya kawaida ina mawili au matatu. Mpira mmoja ukigonga goti la beki ukaingia wavuni, timu iliyotawala dakika zote tisini inakwenda nyumbani imeinamisha kichwa. Kwenye mpira wa kikapu wanafunga mara nyingi mno hata bahati ya huyu na ya yule zinamalizana zenyewe. Kwenye soka bahati haipati muda wa kusawazishwa.

Hata hivyo mbinu yangu ilianguka mara moja, na ilianguka vibaya. Msimu wa 2020-21, viwanja vikiwa vitupu kwa sababu ya ugonjwa, Ligi Kuu ya Uingereza ilimalizika wageni wakiwa wameshinda mechi 153 na wenyeji 144. Mwenyeji bila mashabiki wake kumbe ni mgeni mwenye funguo tu. Baba yako alinicheka msimu mzima. Nafurahi kwamba alipata kunicheka.

Sasa nije kwenye gazeti. Unasema linakosea. Mbona najua! Safu yake ninayo daftarini. Lakini tazama lilivyokosea. Agosti 2015 mchambuzi wetu aliipanga Leicester City miongoni mwa timu za kushuka daraja. Hakuwa peke yake. Msimu uliotangulia timu hiyo ilikuwa mkiani wakati wa Krismasi, na makampuni ya kamari ya Uingereza yalikuwa yakiahidi 5,000 kwa kila 1 kwa atakayeipa ubingwa. Mei 2016 wakabeba kombe, pointi 81. Jumamosi iliyofuata yule bwana aliirudia safu yake ya Agosti yote, neno kwa neno, mahali palepale, na jina lake juu. Chini yake akaongeza mistari michache. Hakuandika "wengi tulidhani". Aliandika "niliandika". Baba yako alikata ule ukurasa akaubandika ndani ya jalada la daftari, na bado upo, umegeuka rangi ya chai.

Simu haijawahi kukosea namna hiyo. Asubuhi inasema asilimia 70, goli likiingia inasema 40, dakika ya themanini inasema 5, na kipenga cha mwisho kikilia imeshakubaliana na matokeo kitambo. Sisemi ni uongo, hesabu zake huenda ni nzuri kuliko za mchambuzi yeyote. Lakini ya asubuhi ukiitafuta jioni huioni.

Na watu nao wamejifunza kwa simu. Kila wikendi unanitumia picha ya mkeka wa kamari wa fulani aliyepatia mechi nane. Mikeka iliyochanika haipigwi picha, mwanangu. Unamkumbuka Paul, yule pweza wa Ujerumani wa Kombe la Dunia la 2010? Alichagua washindi wa mechi nane, akapatia zote nane. Dunia nzima ikashangaa. Mimi nilikaa na penseli: ukirusha sarafu mara nane, nafasi ya kupatia zote ni moja katika 256. Waweke pweza 256 kwenye matangi yao, yupo mmoja wa kutegemewa kufika huko, na ndiye tutakayeletewa habari zake. Wale 255 wanabaki wanakula. Ndiyo maana sikutaka daftari letu lifutwe, na ndiyo maana baba yako, pamoja na ujuzi wake wote, hakuwahi kuweka hata senti kwenye mechi. Alikuwa ameshaiona safu yake mwenyewe.

Usidhani lakini kwamba gazeti halijawahi kutuudhi. Wakati mmoja, wewe ukiwa bado mdogo, toleo la kwanza lilikwenda mtamboni mechi ya usiku haijaisha, na mtu fulani huko chumba cha habari akaandika matokeo ya dakika ya themanini kana kwamba ndiyo ya mwisho. Wageni wakapindua meza dakika za majeruhi. Asubuhi tukasoma ushindi ambao haukuwahi kutokea. Si jambo jipya duniani: Novemba 1948 gazeti la Chicago Daily Tribune liliwahi mtamboni likatangaza kwa herufi kubwa kwamba Dewey kamshinda Truman katika uchaguzi wa rais wa Marekani, na Truman aliyekuwa ameshinda akapigwa picha amelinyanyua anacheka. Ila la kwetu kilichomkera baba yako ni masahihisho. Yaliwekwa ukurasa wa ndani, herufi ndogo, pembeni ya tangazo, hata hayakutaja ni nani aliyefungwa.

Akaliacha. Wiki mbili akawa analeta lile jingine. Karatasi nzuri, picha kubwa, na utabiri wa mechi kumi kama la kwetu. Ila juu ya utabiri pameandikwa: Na Mwandishi Wetu. Jumamosi ya kwanza Mwandishi Wetu akakosa saba. Jumamosi ya pili anazungumza kama vile ya kwanza hakuwepo, na inawezekana kweli hakuwepo, maana nani ajuaye ni yupi? Baba yako alikaa na daftari akitafuta aandike nini juu ya safu. Gazeti lipi lile? Mtu gani? Jumatatu akarudi kwa letu, akamwandikia mhariri barua ndefu kuhusu yale masahihisho, na hawakuichapa. Akaendelea kununua. Ilinichukua muda kuelewa, maana mimi kwa barua ile peke yake ningeacha.

Kwa hiyo swali lako lina jibu fupi kuliko barua hii. Nanunua kwa sababu kuna mtu anaweka jina lake Ijumaa usiku juu ya jambo asilolijua, na Jumapili jina liko palepale. Yule mzee amestaafu. Siku hizi anaandika binti mmoja, anapenda sare kupita kiasi, nimemhesabia sare nne katika mechi kumi na nikamwambia mtu wa kwanza aliyepita kwamba huyu atajifunza. Gazeti lenyewe limekonda, nalijua hilo, kurasa zimepungua na baadhi ya habari nimeshazisoma jana yake. Siku watakayoliondoa jina la huyo binti wakaweka Mwandishi Wetu, nitaacha siku hiyohiyo, wala sitamwandikia mhariri.

Safu yako bado ipo. Mara ya mwisho uliandika wiki uliyohama, ukaweka 3-1, ikaisha 0-0. Nimeshaandika zangu za Jumamosi, wenyeji 1-0 kote isipokuwa moja. Nitumie zako kumi. Zikifika baada ya kipenga cha kwanza siziandiki, hata ukisema ni mtandao.

Mama yako