Maswali Yenu: Mkono unavimba, na kemo iliisha mwaka jana

SWALI: Kwa ajili ya saratani, nilitolewa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani, nikamaliza kemo na mionzi mwaka jana. Nauza samaki Dunga. Siku hizi ikifika jioni mkono wa kushoto unakuwa mzito, bangili haipiti. Kwenye duka la dawa nilipewa dawa ya kukojoza, na jirani anasema nichanjwe kwa wembe. Je, niache kazi? – Mama Samaki, Kisumu

JIBU: Kazi usiache, Mama, na chanjo za wembe uzikatae kabisa. Zile tezi zilikuwa zikipitisha maji ya limfu kutoka mkononi kurudi kwenye damu. Zilipotolewa, na mionzi ikakaza njia zilizosalia, maji hayo yakaanza kukwama chini ya ngozi pamoja na protini iliyomo ndani yake. Dawa ya kukojoza haiitoi protini hiyo, na protini ikibaki huyavuta maji tena, ndiyo maana uvimbe unarudi ukiacha vidonge. Wembe nao unawafungulia vijidudu mlango katika mkono ambao kinga yake imeshapungua.

Anza kliniki, ili daktari ahakikishe hakuna damu iliyoganda kwenye mshipa wala saratani iliyorudi kwapani. Mkono ukivimba ghafla, ukiuma sana au ukihisi kinundu kwapani au juu ya mtulinga, usingoje tarehe ya kadi yako.

Kisha jipime mwenyewe kwa futi ya fundi wa nguo. Pima penye kifundo cha mkono, sentimita 10 chini ya kiwiko na sentimita 10 juu yake. Pima mikono yote miwili asubuhi, futi iguse ngozi bila kuibana, uandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Mkono unaoutumia zaidi huwa mnene kidogo kwa kawaida, kwa hiyo kinachoangaliwa hasa ni mabadiliko. Tofauti ikifika sentimita 2 mahali popote, omba kupelekwa kwa mtaalamu wa tibamaungo (fiziotherapi). Hapo Kisumu, ulizia Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi bado mnaiita Russia.

Huko huenda ukaandikiwa soksi ya kubana mkono, mara nyingi yenye nguvu ya kubana ya milimita 20 hadi 30 za zebaki. Wengi huharibikiwa hapa: hununua bila kupimwa, au huikunja ukingo wa juu kwa sababu ni ndefu. Mkunjo hubana maradufu, mkono ukafungwa kama kwa kamba na vidole vikavimba. Vidole vikifa ganzi au vikibadilika rangi, ivue. Ivae mchana na uivue unapolala, isipokuwa mtaalamu akuelekeze vinginevyo. Ukiweza, uwe na mbili, moja ivaliwe nyingine ikauke kivulini. Baada ya miezi 6 hivi mpira hulegea na soksi inabaki pambo tu.

Sasa samaki. Mapezi ya mgongoni ya ngege (tilapia) yana miiba inayotoboa glavu nyepesi za hospitali, kwa hiyo nunua zile nene za mpira. Ukichomwa, acha kuparua hapo hapo, osha kwa sabuni na maji safi, paka dawa ya kuua vijidudu, funika. Mkono ukiwa mwekundu na wa moto, au ukipata homa na kutetemeka, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni siku ya soko kubwa. Hayo ni maambukizi ya ngozi, yanahitaji antibayotiki haraka, na kila yanapotokea huziba njia zaidi za limfu.

Na mizigo? Zamani wagonjwa waliambiwa wasiinue chochote tena maishani. Ushauri huo umepitwa na wakati, na umewafukarisha wanawake wengi bure. Misuli inapojikaza husukuma limfu. Anza na chupa ya maji ya nusu lita, ambayo ni nusu kilo: iinue mara 10, siku mbili au tatu kwa wiki, na uongeze tu pale vipimo vya daftari havijapanda. Beseni zito ligawe mara mbili, umwombe mwenzako akutwike.

SWALI: Nina miaka 34, natumia tamoksifeni, ile dawa ya kuzuia saratani ya titi isirudi, na hedhi imekatika. Mama mkwe anataka mjukuu. Naweza kushika mimba? – Dada wa Nakuru

JIBU: Unaweza, na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Hedhi kukatika si kinga ya mimba, na tamoksifeni inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kwa sasa tumia kondomu au koili ya shaba. Sindano, vidonge na vipandikizi vya homoni havikufai baada ya saratani ya titi.

Mtoto si ndoto iliyokufa, dada. Dawa hii kwa kawaida ni miligramu 20 kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Wapo wanaoruhusiwa kuisitisha kwa muda baada ya miezi 18 hadi 30, wakasubiri takriban miezi 3 iishe mwilini, wakazaa, kisha wakairudia. Anayeamua nani anafaa ni daktari wa saratani, kulingana na hatua ya ugonjwa wako. Nenda na mume wako, naye akamweleze mama yake. Usiziache tembe kimyakimya ili kutuliza nyumba.

SWALI: Nilitibiwa Eldoret, sasa nahamia Kakamega. Nibebe karatasi gani? – Msomaji

JIBU: Omba muhtasari wa matibabu wa ukurasa mmoja au mbili kabla hujahama. Muhtasari huo uonyeshe aina ya saratani na hatua yake, majibu ya maabara ya kipande cha nyama kilichokatwa kupimwa, tarehe za upasuaji, sehemu iliyopigwa mionzi na kipimo chake, na kila dawa ya kemo pamoja na jumla ya kipimo ulichopewa. Kama uliwekewa ile dawa nyekundu, doksorubisini, jumla hiyo ni muhimu sana: ina kikomo cha maisha kwa sababu hudhoofisha moyo, na daktari mpya hawezi kuikisia. Piga picha kila ukurasa kwa simu, umtumie pia mtu mmoja wa nyumbani.