Dar au Mbeya: hesabu za kupiga kabla hujafungasha

Watu wakijua kwamba niliishi Tabata, Dar, miaka mingi na sasa niko Mbeya, wananiuliza bei. Gunia la viazi bei gani, nyumba bei gani, nauli bei gani. Huwa nawaambia waanze na saa kabla ya shilingi, kwa sababu hapo ndipo nilipoona tofauti kubwa ya mikoa hii miwili.

Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022. Kazi na biashara nyingi bado zimejazana Posta, Kariakoo na Barabara ya Nyerere, huku nyumba ambazo mtu wa kipato cha kawaida anazimudu zikizidi kusogea Chanika, Mbande na Kibaha. Mabasi ya mwendokasi ya Kimara yaliyoanza 2016 yalisaidia walio kwenye njia yake. Mtu wa Chanika anaamka saa kumi alfajiri, anawaacha watoto wamelala, na usiku anawakuta wamelala. Mtoto anakua hivyo hivyo, na mzazi anapata habari zake kwa dada wa kazi. Hapa Mbeya, kabla ya magharibi nimeshafika nyumbani. Nakagua madaftari, tunakula pamoja, na bado nina nguvu ya kuzungumza. Kwa mwenye watoto wadogo, mimi hili nalipa uzito kuliko nyongeza ya mshahara.

Msidhani Mbeya haina foleni, lakini. Barabara kuu ya TANZAM inakatiza mji kutoka Uyole, inapita Mafiati, hadi Mbalizi. Malori ya Zambia na Kongo yako humo humo na daladala, bajaji na wanafunzi wanaokwenda shule kwa miguu. Lori likikwama mteremko wa Iwambi, hakuna anayepita. Na likikatika breki, ni msiba. Kwa hiyo ukitafuta nyumba huku, uliza kwanza shule iko upande gani wa barabara. Kama mtoto atalazimika kuvuka lami kuu asubuhi na jioni, tafuta nyumba nyingine hata kama hiyo ni nzuri na ya bei nafuu.

Chakula ndicho kinachowafurahisha wageni. Sokoni Uyole viazi vinashuka kutoka milima ya Uporoto vikiwa bado na udongo mbichi, kabichi na karoti ziko pembeni, na mama muuzaji anakupimia kwa ndoo, kisha anaongeza viwili vitatu juu bila kuombwa. Ndizi na parachichi zinatoka Rungwe, maharage yapo ya kila rangi. Tabata nilinunua viazi hivi hivi kwa fungu dogo, vimeshasafiri zaidi ya kilomita 800 na kila mkono uliovigusa umeweka faida yake. Mchele wa Kyela na wa Mbarali ni jambo lingine: ni mtamu, lakini usitarajie kuupata kwa bei ya bure kwa kuwa uko karibu na shamba, maana wanunuzi kutoka mikoa mingine wanaufuata huku huku. Utakachokikosa ni samaki wa soko la Feri, Dar. Mimi mpaka leo nawakumbuka.

Sasa baridi, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10, na nyumba zetu hazijajengwa kwa ajili hiyo: bati juu, sakafu ya saruji, madirisha yanayopitisha upepo. Nunua mablanketi mazito, soksi na masweta ya watoto kabla ya Mei kuisha. Kama kuna mwenye pumu nyumbani, zungumza na daktari wake kabla ya kuhama. Na usilale na jiko la mkaa ndani, hata kama umefungua dirisha kidogo. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha. Katika mikoa hii ya baridi familia nzima zimekutwa zimefariki asubuhi kwa sababu ya jiko lililoingizwa chumbani ili kupasha joto. Ota moto sebuleni mlango ukiwa wazi, kisha toa jiko nje kabla ya kulala. Mwambie na dada wa kazi, na mgeni anayefika jioni.

Matibabu ya kawaida yapo. Kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda, na akina mama wanajifungulia hospitali ya wazazi ya Meta. Lakini kama mzazi wako ana kliniki ya moyo Taasisi ya Jakaya Kikwete au anatibiwa saratani Ocean Road, fanya hesabu ya safari. Kwa basi ni siku nzima barabarani na mgonjwa. Ndege zinatua Songwe, ila tiketi ya mgonjwa na ya msindikizaji si fedha ndogo. Katika hali hiyo mimi nakushauri ubaki Dar, angalau kwa sasa.

Kuhusu kipato, Mbeya inambeba mtu wa kilimo, wa biashara ya mpakani Tunduma na Kasumulu, mwalimu, mtumishi wa afya, fundi mzuri. Anayeishi kwa matangazo, sherehe kubwa au ofisi za makao makuu atapata shida. Zungumza na mwenzi wako pia: ndoa nyingi huyumba mmoja anapohamia kwenye kazi na mwingine anahamia kwenye kukaa bure.

Njoo Julai ukae wiki mbili kwa ndugu kabla hujaamua, usije Desemba mvua zimepaka kila kitu kijani. Kisha panga nyumba, usikimbilie kununua kiwanja. Mwenye nyumba anayekubali kodi ya miezi mitatu badala ya sita yupo ukimtafuta, na miezi hiyo inatosha kuujua mtaa, maji yanatoka siku zipi, na kama mtoto wako anafika shule salama.