Mchoro unapungua, karatasi haipungui

Hesabu ya kubadili kipimo cha modeli ya ndege ya karatasi (1:33 maana yake imepunguzwa mara 33 kuliko ndege halisi) ni fupi: gawa namba ya kipimo cha zamani kwa ya kipimo kipya. Kutoka 1:33 kwenda 1:50 ni 33 kwa 50, yaani asilimia 66. Kwenda 1:48 ni 68.75. Kwenye printa, zima kile kipengele cha kutosheza mchoro kwenye ukurasa, kisha pima kwa rula mstari wa milimita 100 uliouchora pembeni. Ukisoma 97, usikate chochote.

Kazi kubwa iko kwenye unene. Kadibodi ya milimita 1 inabaki milimita 1, ilhali mpasuo wake kwenye mchoro, yaani ufa inamochomekwa, umeshakuwa 0.66. Ukiisukuma kwa nguvu, mbavu (vipande vya kadibodi vya ndani vinavyoshikilia umbo) zinapinda na kiwiliwili kizima kinakwenda upande. Chora mipasuo upya kufuata kadibodi uliyonayo. Masikio ya gundi, yaani vipande vya pembeni vya kubandikia, pia yarudishe kwenye milimita 4 au 5.

Mbavu za duara ndizo zinazowasumbua wengi. Ngozi, yaani karatasi ya nje, yenye mzunguko wa milimita 157 inatoa duara lenye kipenyo cha milimita 50. Karatasi ya gramu 160 kwa mita ya mraba ina unene wa karibu 0.2, hivyo kwa ndani inabaki 49.8, ukibandika ukanda wa kuungia, inabaki 49.4. Huo ndio upana wa ubavu. Mchoro wa awali ulishatoa hiyo 0.6, ila baada ya kupunguzwa imebaki 0.4 tu, na ngozi itaacha ufa wa zaidi ya nusu milimita pale inapofungia.

Ukitaka kurefusha sehemu moja, kwa mfano pua, usiivute kwa kipanya cha kompyuta upande mmoja. Pua ni koni iliyokatwa ncha. Ukiivuta, tao lake linaacha kuwa la duara na kingo hazikutani. Ikokotoe upya. Kipenyo cha 40 mbele na 50 nyuma, urefu 60: tao la nje lina nusu kipenyo cha 301, la ndani 240.8, pembe nyuzi 29.9. Urefu ukiwa 80, yanakuwa 400.8 na 320.6, na pembe inashuka hadi 22.5. Ijaribu kwanza kwa karatasi ileile ya gramu 160. Ya gramu 80 ni nyembamba, itafunga vizuri na kukudanganya.