Usifungue kondomu kwa meno (kwa waelimisha rika wapya)

Juzi kuna mdogo wangu mmoja wa chuo kanitumia meseji, "shikamoo dada, nimechaguliwa kuwa mwelimisha rika, Alhamisi ndo semina yangu ya kwanza, naogopa watanicheka, nifanyeje?" Nikacheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda akanigeukia. Watakucheka mdogo wangu. Ngoja nikupe ya kwangu.

Mwaka wa kwanza chuo, Morogoro. Nilikuwa najiamini balaa coz sekondari nilikuwa kwenye klabu ya Fema, magazeti yao nimeyasoma mpaka yamechanika, nikaona hii kazi ni yangu kabisa. Nikapewa ule uume wa mbao na boksi la kondomu, ukumbi una watu kama 80, nusu wamefuata soda. Nikaanza vizuri tu, angalia tarehe ya kuisha, minya pakiti usikie kama ina upepo, isogeze kondomu pembeni halafu chana pale penye meno meno. Sasa mikono inatoka jasho, pakiti inateleza, nikachana ikagoma, nikachana tena ikagoma, ya tatu nikaipeleka mdomoni. Kwa meno! Na sentensi iliyofuata kwenye karatasi yangu ilikuwa "usitumie meno wala mkasi".

Ukumbi ulilipuka. Kuna jamaa alikuwa anarekodi, saa mbili usiku klipu iko kwenye magrupu yote ya WhatsApp na mimi nimeshapata jina, Da Meno. Miaka mitatu naitwa hivyo. Yule jamaa hajawahi kuniomba radhi, mwezi uliopita tumekutana harusini kaniita vilevile mbele ya mume wangu, basi tuyaache.

Nilisusa semista nzima. Niliporudi, ile mbao niliiacha ofisini nikaja na boksi la viatu nimelitoboa juu, nikagawa vipande vya karatasi, andika swali bila jina, na kama huna swali chora nyumba, ili kila mtu aonekane anaandika. Mungu wangu, yale maswali! Nusu yalikuwa ya P2, vile vidonge vya dharura. Ukimeza P2 unajikinga na UKIMWI? Jamani P2 inazuia mimba tu, tena uiwahi, haina habari na VVU wala kisonono wala kaswende. Mwingine anavaa kondomu mbili kwa pamoja, zinasuguana zinapasuka. Mwingine anapaka mafuta ya mgando, yanadhoofisha mpira. Nyumba zilikuwa nne, moja ina kuku nje.

Halafu nikafungua karatasi moja nikanyamaza. "Ijumaa saa tano usiku ilipasuka na simjui vizuri, nifanyeje." Siku yenyewe Jumatatu, saa kumi jioni. Nikahesabu kwa vidole palepale, zimebaki saa saba. Sikuuliza ni nani. Nikasema kwa wote, kuna dawa zinaitwa PEP, za kukukinga usipate VVU baada ya tukio kama hilo, unatakiwa uanze ndani ya saa 72 na kadiri unavyowahi ndo vizuri, unameza siku 28 bila kuruka, na semina ikiisha mimi nitakuwa pale kwenye mabomba nanawa. Nilinawa mikono mpaka vidole vikakunjamana. Alikuja. Tukapanda boda moja watu watatu, hospitali wakampima kwanza, wakampa dawa, kabla ya saa moja na nusu tumesharudi.

Kwa hiyo nyie wenye vipeperushi na sauti za mchungaji, acheni kuhubiri. Kwamba ngono ni mbaya wameshaambiwa na mama, na padri, na ustadhi. Na nyie mnaokwepa kupima, toka 2019 sheria inamruhusu hata wa miaka 15 kupima VVU bila mzazi kumridhia, wewe una 22 unaona aibu gani? Kapime. Na kama umejichanganya wiki jana ukapimwa leo wakasema huna, usishangilie, rudia baada ya miezi mitatu coz maambukizi mapya kipimo kinaweza kisiyaone.

Haya mdogo wangu, chukua boksi la viatu, sio la simu, la simu ni dogo karatasi zinabanana. Na pakiti zifanyie mazoezi nyumbani, hata kumi, tena mikono ikiwa na maji.