Raba za breki za baiskeli ya injini: anza na ringi

Nilipofunga injini ya cc 80 kwenye baiskeli yangu ya mtumba, nilihangaika na kila kitu: tangi, mnyororo, kipimo cha oili kwenye petroli. Breki sikuzigusa. Raba zilikuwa zile zile nilizoikuta nazo, na kwa kupiga pedali zilikuwa zinanitosha.

Siku ya manyunyu nikawa nateremka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Kabla ya Soni kuna kona, nikabana breki ya mbele. Mkono ukafika mwisho, baiskeli inakwenda tu kama sijashika kitu. Ya nyuma ndiyo iliyonipunguza mwendo, nikaielekeza kwenye mtaro wa upande wa mlima, maana upande wa pili ni korongo. Nilichubuka goti na kiwiko. Ningekuwa nimempakia mwanangu sijui ningeandika nini leo.

Nilipotulia nikazikagua. Raba za mbele na za nyuma zilikuwa aina moja, zimelika sawasawa. Kilichotofautiana ni ringi: ya nyuma alumini, ya mbele chuma cha kromu, ile inayong'aa kama kioo. Kromu ikilowa, maji yanatanda juu yake na raba inateleza. Gurudumu linazunguka mara kadhaa kabla breki haijaanza kukamata. Kwa mwendo wa pedali unaweza kuvumilia. Kwa injini huna nafasi hiyo. Kwenye kilomita 40 kwa saa unakwenda mita 11 kila sekunde, na nguvu ambayo breki inatakiwa kuimaliza ni mara nne ya ile ya kilomita 20, wala si mara mbili kama wengi tunavyodhani.

Kwa hiyo kabla hujauliza raba gani, chukua sumaku, hata ya spika mbovu, iguse kwenye ringi. Ikinata, ni chuma, na ushauri wangu ni badili ringi kwanza. Zipo raba zilizobandikwa ngozi kwa ajili ya ringi za chuma na kwenye mvua zinasaidia, lakini kwa baiskeli yenye injini mimi nisingetegemea hizo. Mpe fundi ringi ya alumini akusukie upya kwa spoki zinazolingana nayo, na umwambie ainyooshe vizuri, kwa sababu ringi inayoyumba hata raba bora itaishika kwa kurukaruka.

Ukishakuwa na alumini, ndipo raba inaleta tofauti. Zile za bei ya chini kabisa ukizibonyeza kwa ukucha haziachi alama, ngumu kama soli ya kiatu cha zamani. Hizo ziache dukani. Mimi nilimwomba shemeji aliyekuwa anakuja likizo kutoka Marekani aniletee raba za kampuni ya Kool-Stop zenye rangi ya tofali, ambazo zimetengenezwa mahsusi kwa hali ya maji, na tofauti niliihisi mvua ya kwanza tu. Ukikosa hizo, tafuta raba za kuchomeka kama za Shimano: kishikio kinabaki kwenye breki, raba yenyewe unaichomoa na kuweka mpya. Chagua ndefu, milimita 70 hivi. Urefu hauongezi ukali wa breki kama watu wanavyoamini, ila raba inachelewa kuisha.

Angalia jambo moja kwenye hizi za kuchomeka: upande wa kishikio ulioachwa wazi lazima uelekee nyuma. Ringi inapopita kwenye raba inaivuta kwenda mbele. Ukifunga kinyume, siku utakayobana kwa nguvu raba itachomoka yote, ubaki unasugua chuma kwa chuma.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Raba ikae katikati ya ukuta wa ringi, isiguse tairi, isining'inie chini. Mimi naweka kadi ya vocha kwenye ncha ya nyuma ya raba, nabana breki, nakaza nati, kisha naitoa kadi. Hapo ncha ya mbele inatangulia kugusa na breki hailii. Nati hizo zikague kila wiki, injini inatetemesha na zinalegea.

Kisha kuna uchafu. Mnyororo wa injini unarusha oili kwenye ringi ya nyuma, na raba ikishanywa oili haifai tena. Ringi naifuta kwa spiriti. Raba nazisugua kwa msasa zikianza kung'aa, na kwa sindano natoa vipande vya alumini vilivyonasa ndani yake, vinameta kama magamba ya dagaa. Ukiviacha vinachimba ringi kila unaposhika breki.

Mteremko ule ule bado naupita. Nikifika Soni nasimama hata kama sina haja ya kupumzika, napeleka mgongo wa mkono karibu na ringi. Joto la breki likizidi linaweza kupasua tyubu, kwa hiyo kama ringi ni ya moto kiasi kwamba siwezi kuigusa, nakaa hapo hadi ipoe.